Sensei, Nani Alikufunga Mkanda?

Leo naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi na mavazi, tuwaongelee hawa jamaa wanaopita mitaani na suti nyeupe, mkanda mweusi kiunoni na neno la Kijapani mbele ya jina la ubatizo. Masensei! Wapo walimu wa kweli, tena wa kuheshimiwa. Na wapo wasanii watupu, ambao usanii wao unaishia kwenye shingo ya mtoto wa mtu.

Chukulia hivi. Uko zako Arusha au Dar unahangaika na maisha, simu inalia. Ni mdogo wako, yuko nyumbani Tumati, kule Mbulu. "Shikamoo kaka." Marahaba, hamjambo huko? Hatujambo, mahindi yanaendelea vizuri, baridi ndiyo hiyohiyo. Halafu anaingia kwenye pointi. Kuna sensei kaja, anafundisha karate jioni kwenye uwanja wa shule, mwisho wa mwezi kuna mtihani wa mkanda wa njano, kwa hiyo kaka naomba unitumie hela. Baba ameshauza mbuzi mmoja kwa ajili ya suti. Ukimuuliza huyo sensei katoka wapi, jibu linakuja fasta: "Ametoka mjini." Ukimuuliza alifundishwa na nani, kimya.

Nimetaja Tumati kwa mfano tu. Ingekuwa Haydom, Dongobesh, Katesh au Mbagala, hadithi ingekuwa ileile. Ila ukifikiri vizuri utaona kwamba sensei wa feki ana sababu ya kupenda sehemu za mbali. Mjini kuna dojo za miaka mingi. Siku moja atakutana na mtu mzima aliyekaa chini ya mwalimu wa kweli, aulizwe maswali mawili matatu, aumbuke. Kijijini nani amuulize? Watoto wameona filamu za kareti kwenye banda la video, wamemwona mtu anapiga teke la kichwa, yamekwisha.

Kinachouma ni kwamba nchi ya Mbulu na Hanang si nchi ya kudanganywa kwenye michezo. Huko ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, yule aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akaimaliza hivyohivyo akiwa wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Jirani hapo Karatu ametoka Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Na Hanang ikamtoa Gidamis Shahanga, aliyechukua dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1978. Hao hakuna aliyewaomba vyeti. Mbio zina saa, na saa haizugwi. Hata ukivaa viatu vya dhahabu, ukichelewa umechelewa.

Karate haina saa. Hapo ndipo mjanja anapopata upenyo. Kwa hiyo inabidi tumpime kwa vitu vingine, na kwanza tujue huo mkanda ulianzia wapi.

Mshikaji, usidanganywe kwamba mkanda mweusi ni siri ya miaka elfu moja ya watawa wa mlimani. Wala ile hadithi kwamba zamani mkanda ulikuwa mweupe ukawa mweusi kwa jasho na uchafu. Ni mambo ya juzijuzi. Jigoro Kano, mwalimu wa shule, alianzisha judo na chuo chake cha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake wawili daraja la kwanza la dani, na mkanda mweusi ukafuata miaka michache baadaye. Hizi rangi nyingine za njano, chungwa, kijani na bluu zilipata umaarufu Paris miaka ya 1930, kwa mwalimu wa judo aliyeitwa Mikonosuke Kawaishi. Aliona Wazungu hawana subira, wanataka kuona wamepiga hatua. Karate ilifuata nyuma. Gichin Funakoshi alitoka Okinawa kwenda kuionyesha Tokyo mwaka 1922, na dani za kwanza alizotoa ni za mwaka 1924.

Sasa sikiliza hili. Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo wa Goju-ryu, alifariki mwaka 1953 bila kumpa mwanafunzi wake hata mmoja dani. Wanafunzi wake ndio walioanza kupeana baada yake. Kwa hiyo ukiona cheti cha mkanda mweusi kimesainiwa na Miyagi mwenyewe, funga mlango. Umeshajua.

Somo lake ni jepesi. Mkanda ni kitambaa. Unauzwa duka la vifaa vya michezo, na muuzaji hakuulizi cheti, anakuuliza saizi. Thamani ya mkanda ni ya yule aliyekufunga, basi. Na hapa wazee wa Kiiraqw wametutangulia siku nyingi. Nenda kachumbie Mbulu uone. Hawaanzi na suti yako wala simu yako, wanaanza na ukoo. Wewe ni wa ukoo gani, baba yako nani, babu yako alikaa wapi. Sensei naye ana ukoo. Mwambie autaje.

Swali la kwanza ndilo hilo: mwalimu, nani alikufundisha, wapi, kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani, na mlikuwa na nani kwenye mstari? Mwalimu wa kweli hapa anafurahi. Atakueleza mpaka uchoke. Kwa sababu karate ya hapa kwetu ina ukoo unaojulikana. Kwa Goju-ryu wengi wanarudi kwa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefungua dojo pale Shule ya Zanaki, Dar es Salaam, miaka ya 1970. Ukienda Zanzibar, judo ya kule huwezi kuieleza bila kumtaja Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyeanza kuwafundisha vijana wa visiwani miaka ya 1990. Waliopita kwa watu hao wanajuana kwa majina, na wanakumbuka nani alikuwa mtoro. Ukimtajia sensei wako majina hayo akababaika, au akakwambia yeye alifundishwa na mzee mmoja wa siri porini ambaye ameshafariki na hakuacha mwanafunzi mwingine, hiyo ni fiksi mpaka athibitishe vinginevyo.

Mzee wa siri si ugonjwa wa Tanzania peke yake. Wangapi tuliiona Bloodsport ya Jean-Claude Van Damme, iliyotoka mwaka 1988? Filamu ile ilitangazwa kuwa kisa cha kweli cha Mmarekani Frank Dux, aliyesema alifundishwa na bingwa wa Kijapani akashinda mashindano ya siri. Mwaka huohuo gazeti la Los Angeles Times likaenda kufukunyua. Huyo bingwa wa Kijapani waandishi hawakumpata, na kuhusu kombe la ushindi wakaeleza kwamba risiti inaonyesha lilitengenezwa na duka la makombe jirani na kwake California. Dux alikana, akashikilia msimamo wake. Sisi huku tulikuwa tunalipa kiingilio banda la video na kurusha mateke njia nzima. Ona sasa: mwandishi aliuliza swali lilelile la wazee wa Mbulu, ukoo wako uko wapi?

Swali la pili: cheti kimetolewa na nani? Cheti cha dani cha chama chenye heshima zake huwa na jina la chama, tarehe na namba ya usajili. Kodokan wana kumbukumbu zao. Chama cha karate cha JKA, kilichoanzishwa mwaka 1949, nao wana zao. Siku hizi huna haja ya nauli ya ndege. Piga picha cheti, watumie barua pepe, waulize kwa adabu kama namba hiyo ni ya mtu huyo. Na kama kimejaa maandishi ya Kijapani matupu, simu yako ina programu ya kusoma maandishi kwa kamera. Ielekeze tu. Usishangae kukuta "shahada ya dani ya tano" ni maelezo ya kufua nguo kwa maji ya baridi.

Swali la tatu ni hesabu ya darasa la nne. Daraja la kwanza la mkanda mweusi linaitwa shodan, na maana yake ni daraja la mwanzo. La mwanzo, siyo la mwisho! Kule Japani mwenye shodan ni mtu aliyejua herufi, sasa ndiyo anaanza kusoma. Kwenye dojo nyingi linachukua miaka mitatu mpaka mitano ya mazoezi ya mfululizo. Kisha kila dani ina miaka yake ya kusubiri, na zinavyopanda ndivyo miaka inavyorefuka. Zile za nane, tisa na kumi ni za wazee. Kodokan, tangu mwaka 1882 mpaka mwaka 2006, ilitoa dani ya kumi kwa watu 15 tu, na watatu wa mwisho walipandishwa mwaka huo wa 2006 wakiwa vikongwe. Sasa wewe kijana wa miaka 29 unakuja Tumati na dani ya kumi, tena kwenye mitindo mitatu tofauti, ulianza ukiwa tumboni?

Hapohapo angalia vyeo. Sensei maana yake ni mwalimu tu, aliyekutangulia. Japani hata mwalimu wa hesabu anaitwa hivyo, hata daktari. Shihan, Kyoshi, Hanshi ni vyeo vizito, hapewi mtu hivihivi. Na anayejiita Soke maana yake anajitangaza mkuu wa nyumba nzima ya mtindo. Ukikuta mtu ana vyeo vinne kwenye bango moja la plastiki na wanafunzi saba, jiulize hiyo nyumba ina vyumba vingapi. Ukimkuta anajiita sensei wa kung fu ya Shaolin ya Japani, hapo usiulize tena. Kung fu na Shaolin ni vya China, na mwalimu wake anaitwa sifu. Taekwondo ni ya Korea. Mtu asiyejua mchezo wake umetoka nchi gani anakufundisha nini?

Usipumbazwe na sura pia. Kuwa Mjapani siyo cheti. Ni kweli tangu mwaka 2012 michezo ya kujihami ya asili imekuwa lazima kwenye shule za kati za Japani, lakini hilo halimfanyi kila Mjapani awe mwalimu, kama ambavyo kila Mtanzania si mpiga ngoma. Kulikuwa na mzee wa Kijapani, Yanagi Ryuken, aliyekuwa akiwaangusha wanafunzi wake wengi kwa kupunga mkono tu, bila kuwagusa. Wanafunzi wanaanguka kama majani. Mwaka 2006 akapanda ulingoni na mpiganaji asiye mwanafunzi wake. Alipunga mkono, jamaa hakuanguka. Akapigwa ngumi za kweli, pambano likaisha mapema, mzee uso umevimba. Wanafunzi wake hawakuwa wanasema uongo, walikuwa wameshaamini. Na mtu aliyeamini huanguka mwenyewe.

Swali la nne huulizi kwa mdomo, unaangalia kwa macho. Nenda kakae pembeni ya uwanja jioni moja. Kama ni judo au aikido, wiki za kwanza wanafundishwa nini? Jibu sahihi ni kuanguka. Kuanguka tu, kushoto, kulia, nyuma, kidevu kimebanwa kifuani, mpaka mwili uzoee. Mwalimu anayewarusha watoto hewani siku ya pili, kwenye ardhi ngumu bila mkeka, anacheza na roho za watu. Japani kwenyewe, penye walimu waliosoma na mikeka ya kutosha, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki kwenye judo za mashuleni ndani ya miaka isiyofika 30 kuanzia 1983, wengi kwa kuumia kichwa. Kama huko ilitokea, kwenye uwanja wa mawe wa kijijini itakuwaje?

Kama ni karate, mwombe akuonyeshe kata za mtindo wake na akutajie majina yake. Mwenye mkanda mweusi wa Goju-ryu asiyeijua Sanchin ni sawasawa na padri asiyejua Baba Yetu. Wa Shotokan asiyezijua Heian zote tano, mwambie akapumzike. Na mambo ya kuvunja matofali yasikutoe macho. Tofali kavu lililoungua vizuri ni jepesi kupasuka, ubao ukipigwa kufuata uzi wake unafunguka, na vigae vikitenganishwa kwa vijiti kila kimoja kinasaidia kuvunja cha chini yake. Ni onyesho zuri la sherehe, halithibitishi ualimu. Akina dada nao muwe macho. Mwalimu anayeng'ang'ania mazoezi ya peke yako, usiku, mlango umefungwa, eti ni mbinu ya siri, mbinu yake unaijua.

Swali la tano ni la Serikali. Nchi hii ina Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vilabu na vyama vya michezo vinatakiwa kusajiliwa kwa msajili wake. Wilayani kuna afisa michezo. Mzazi ana haki ya kwenda kumuuliza, bwana, huyu mnamfahamu? Usajili haumfanyi mtu awe fundi, lakini mtu anayekimbia hata kujulikana jina lake ofisini, siku mtoto akivunjika shingo utamtafutia wapi?

Tusije tukawaonea watu lakini. Wapo walimu wenye ujuzi wa kweli ambao hawana cheti cha Japani, kwa sababu ada ya mtihani na usajili ni ya fedha za kigeni na maisha yetu mnayajua. Mtu kafundishwa miaka kumi, kafa na jasho, ila hajawahi kupata hela ya karatasi. Huyo usimtupe. Mtofautishe na tapeli kwa jambo moja: yeye atakwambia ukweli huo mwenyewe. Atakutajia mwalimu wake, atakupa namba ya simu ya mwenzake wa zamani, na mkanda wake atauita kwa daraja alilofikia kweli, hata kama ni la kahawia. Tapeli kinyume chake, swali linamkera. Anakwambia mwanafunzi mzuri haulizi, eti hiyo ndiyo nidhamu ya Kijapani. Nidhamu gani hiyo? Kano mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule, kazi yake ilikuwa kuulizwa maswali.

Kwa hiyo wewe uliyeko mjini, wewe ndiye wa kuuliza. Una simu, una intaneti, na dojo zenye majina ziko huko huko uliko. Kabla hujatuma hela ya mkanda wa njano, tafuta jina la sensei, watumie picha yake wale wanaojuana. Ni kazi ya jioni moja. Ukikuta ni mwalimu wa kweli, tuma hela, tena ongeza ya nauli ya mtihani, maana mtoto amepata bahati. Ukikuta ni kanyaboya, mpigie baba kwanza, mbuzi wa pili asitoke zizini.

Maana hasara kubwa siyo mbuzi. Kijana aliyefundishwa uongo anatembea kifua mbele. Anapata kazi ya ulinzi kwa sababu ya kile cheti. Usiku mmoja anakuja mwizi na panga, na badala ya kupiga filimbi na kukimbia kama mtu mwenye akili zake, anasimama kumkabili kwa mikono mitupu, kwa sababu sensei alimwambia mkono wake ni chuma. Mwizi hajasoma kile cheti.

Wiki ijayo tutarudi kwenye mambo yetu ya mavazi, kuna wajomba wa suruali za kubana nataka niongee nao. Mpaka hapo, kaeni salama, na sensei yeyote akikupita na vyeo vyake, msalimie vizuri, halafu muulize ukoo.